Kifua Kinabana: Tafuta Saa na Mahali Kabla ya Kulaumu Vumbi

Muulize mwenye pumu kinachomsumbua, jibu la kwanza litakuwa vumbi, la pili baridi. Mara nyingine ni kweli. Shida ni kwamba majibu hayo hayampi mtu cha kufanya, maana vumbi liko kila mahali na baridi haimuulizi mtu. Swali lenye faida ni hili: kifua kilianza kubana saa ngapi, ulikuwa wapi, na muda mfupi kabla ya hapo nini kilikuwa kinafanyika? Vichochezi vya pumu vina ratiba. Cha kitandani kinakusubiri kitandani, cha kazini hupoa siku ya mapumziko, cha jikoni huja na chakula cha jioni. Ndiyo maana hapa nimepanga mambo kwa saa na mahali.

Njia za hewa za mwenye pumu huwa zimevimba kidogo hata siku anayojiona mzima. Kichochezi kikizigusa, misuli inayozizunguka hukaza, kuta zake huvimba zaidi na makohozi mazito hujaa. Moshi uleule unaompita jirani bila habari unamwangusha yeye. Ndiyo maana pia dawa za kuvuta ziko za aina mbili: ya kufungua haraka, ambayo ni ile pampu ya bluu ya salbutamol, na ya kutuliza uvimbe kila siku, kama beclometasone au budesonide, ambayo wengi wanaifahamu kama pampu ya kahawia.

Kama kinabana sasa hivi

Mengine yasubiri. Mkalishe mgonjwa wima, usimlaze. Mpe pampu ya bluu kupitia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo: mpulizo mmoja, apumue humo mara nne au tano, kisha mpulizo mwingine, hadi ifike kati ya mipulizo 4 na 10. Nafuu isipokuja, au ikija na kuondoka kabla muda wa saa nne haujapita, nendeni hospitali, na njiani endelea kumpa dawa.

Usisubiri kabisa ukiona hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mtoto anashindwa kunyonya, ngozi ya kati ya mbavu inazama kila anapovuta hewa, midomo au ulimi umekuwa wa kijivu au bluu, au anasinzia na kuchanganyikiwa. Kifua kilichokuwa kinapiga miluzi kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, usishukuru. Hewa imekuwa ndogo mno hata kutoa mlio.

Kinabana usiku

Tahadhari kwanza. Pumu yenyewe, bila kichochezi chochote kipya, huzidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa sababu mwili una mpangilio wake wa homoni na njia za hewa husinyaa saa hizo. Anayeamka saa kumi alfajiri karibu kila siku huenda hana ugomvi wowote na godoro. Pumu yake haijadhibitiwa tu, na anahitaji dawa ya kutuliza uvimbe. Godoro lina kesi ya kujibu pale chafya na kikohozi vinapoanza muda mfupi baada ya kulala au wakati wa kutandika, na hali ikibadilika ukilala kwingine.

Mtuhumiwa wa kwanza ni utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu. Wanapenda unyevu. Hewa yenye unyevu chini ya asilimia 50 haiwafai, lakini Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu huwa juu ya hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo mtu wa Pwani asiahidiwe kwamba atawamaliza. Kazi ni kuwapunguza, na kuzuia kinyesi chao kisimfikie puani, maana hicho ndicho hasa kinachochochea.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60. Asiye na mashine achanganye ndoo ya maji yanayochemka na ndoo ya maji ya bomba, hapo Pwani atakuwa amekaribia. Aloweke dakika kumi kabla ya kufikicha, na watoto wakae mbali na beseni. Godoro na mito ivalishwe vifuniko vya zipu vilivyofumwa kwa kubana. (Ule mfuko wa nailoni ambao watu huuacha kwenye godoro jipya na wageni wakawacheka, si wazo baya hata kidogo, ila ukishachanika hauna kazi.) Mto wa sufi wa miaka nenda rudi uondoke chumbani. Kuanika godoro kwenye jua kali kunaua wadudu, lakini kinyesi kinabaki humohumo mpaka likung'utwe, na wa kulikung'uta awe mtu asiye na pumu, nje, upande upepo unakoelekea. Angalia na panga boi: mapanga yake hubeba vumbi miezi ya baridi, na siku ya kwanza joto likirudi, ukiliwasha unajimwagia lote kitandani. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji kwanza. Halafu yafanywe yote kwa pamoja na yapewe wiki kadhaa. Kifuniko cha godoro peke yake mara nyingi hakileti tofauti ya maana, na watu hukata tamaa wakati fedha imeshatoka.

Mtuhumiwa wa pili hutajwa kwa aibu: mende. Mate yake, kinyesi chake na maganda anayojivua ni vichochezi vikali, hasa kwa watoto wa mijini. Lakini kupuliza dawa ya kopo chumbani saa mbili usiku ili mtoto alale saa tatu ni kumtoa simba ukamwingiza chui. Tumia dawa ya jeli inayodondoshwa kwenye pembe za kabati, vyombo vioshwe kabla ya kulala, pipa la taka lifunikwe, na nyufa za ukuta zizibwe.

Wa tatu unamwasha mwenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili za mbu zilizokuwa zikiuzwa China na Malaysia, ukakuta kwamba koili moja hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Kikohozi kikianza saa tatu usiku na koili iko chini ya kitanda, umeshampata. Sisemi muache kujikinga na mbu, malaria si mchezo. Chandarua chenye dawa, kikichomekwa vizuri chini ya godoro, kinafanya kazi hiyo bila moshi, na wavu wa dirishani unasaidia.

Na kuna mmoja wa tumboni. Anayekula ugali na nyama saa nne usiku akapanda kitandani saa nne na nusu, kisha akaamka na kikohozi na ladha chungu kooni, ana kiungulia kinachopandisha asidi. Amalize kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, ainue miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali, na amweleze daktari.

Kinabana jioni, majiko yakiwashwa

Chukua nyumba ya kupanga ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani choo na bomba. Saa kumi na mbili kila mpangaji anawasha jiko lake la mkaa. Mmoja anatumia vibanzi, mwingine mafuta ya taa, mwingine anayeyusha mfuko wa plastiki juu ya mkaa kwa sababu ndio ulioko mkononi. Kuta za vyumba haziishii kwenye paa na dari hakuna, hivyo moshi ukishapanda hauna mwenyewe. Unashuka chumba chochote. Mtoto wa chumba cha tatu anakohoa ilhali mama yake amepika kwa gesi tangu mwaka juzi, na mama haelewi.

Kuthibitisha ni rahisi kuliko kwingine. Kama mtoto akipelekwa kwa shangazi anayepika nje au kwa gesi kikohozi cha jioni kinakoma, na akirudi nyumbani kinarudi naye, jibu mnalo.

Gesi au umeme ni bora, lakini si kila mtu anao uwezo wa kujaza mtungi kila mwezi. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Mtoto anayekohoa leo hawezi kusubiri mwaka huo. Mkaa uwe mkavu. Jiko liwashwe nje kabisa, mbali na madirisha, na liingie barazani makaa yakishakuwa mekundu, maana moshi mwingi ni ule wa kuwasha. Plastiki na mafuta ya taa visitumike kuwashia. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Wapangaji wakikubaliana mahali pamoja pa kuwashia, upande wa upepo unakotokea nyumbani kwenda nje, vyumba vyote sita vimepona kwa mpango mmoja. Anayekaanga pilipili au dagaa afungue madirisha, hata kama jiko ni la gesi.

Makaa yaliyoiva yasidanganye watu wa Njombe, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai. Hayana moshi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kunaua hata asiye na pumu.

Kuchoma taka jioni kunaingia hapahapa. Vivyo hivyo kibatari kinachowashwa umeme ukikatika. Taa ndogo ya sola haina moshi.

Kinabana asubuhi, uwanja ukifagiliwa

Fagio la chelewa kwenye uwanja mkavu hurusha vumbi hadi kimo cha dirisha. Nyunyiza maji kwanza. Ndani piga deki badala ya kufagia, na mwenye pumu asiwe ndiye mfagiaji. Zulia la manyoya sebuleni ni ghala la vumbi. Mkeka unakung'utwa ukaisha. Baada ya masika, tazama kuta za chooni na nyuma ya kabati: madoa meusi yenye harufu ya uvundo ni ukungu, na mbegu zake zikipeperuka hubana kifua. Ukiusugua bila kuziba paa linalovuja, utairudia kazi hiyo masika ijayo.

Sabuni na dawa za chooni ziangaliwe pia. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika choo kidogo kisicho na dirisha kifua kinafunga papo hapo.

Kinabana kwenye shughuli

Harusi, hitma, mgeni wa heshima, au Alhamisi jioni tu nyumba ikifukizwa. Kutoka Lamu hadi Muskati udi na ubani ni adabu ya nyumba, na ndiyo maana kichochezi hiki ni kigumu kuliko vingi: kukiondoa kunaonekana kama kumkosea mtu. Wengi hujibu kwamba udi ni wa asili, hauna kemikali. Kuni nazo ni za asili. Moshi ni moshi, na njia za hewa zilizovimba haziulizi umetoka mti gani.

Anayemwambia mama mkwe aache udi atashindwa. Anayesema hivi huenda akafanikiwa: “Shikamoo mama. Udi wako tunaupenda, ila kifua cha mjukuu wako kimegoma. Tukifukiza nguo na mashuka mchana huko uani, jioni nyumba itanukia na yeye atalala.” Nguo zikipigwa na upepo saa moja mbili, harufu inabaki na moshi unaondoka. Chetezo kisipitishwe chumba anacholala mgonjwa. Kwenye ukumbi wa harusi akae karibu na mlango, pampu ikiwa kwenye pochi, si ndani ya gari. Manukato makali na dawa za nywele za kupuliza hufanya kazi ileile.

Sigara na shisha sitazungumza sana, mnajua. Niongeze moja tu: baba anayevutia nje kisha akaingia kumbeba mtoto, moshi ameingia nao kwenye shati.

Kinabana siku za kazi, kinapoa siku za mapumziko

Hii ndiyo ratiba inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Mtu anaumwa Jumatano, anazidi Ijumaa, likizo ya wiki mbili anapona, anarudi kazini anaanza upya. Muoka mikate huvuta unga wa ngano. Fundi seremala huvuta unga wa mbao, na mvule ni kati ya miti inayojulikana kuleta pumu. Mpiga rangi wa magari gereji huvuta isosianeti, kemikali iliyo kwenye rangi za kupuliza, ambayo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Msusi hupata persalfeti kwenye dawa ya kubadili rangi ya nywele. Mhudumu wa usafi ana dawa zake.

Pumu ya kazini isiposhughulikiwa mapema huweza kubaki hata mtu akihama kazi, hivyo kuvumilia si ushujaa. Andika kwa mwezi mmoja siku za kazi, siku za mapumziko na mara ulizotumia pampu ya bluu. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Kinachosaidia ni hewa kupita, kulowesha au kunyonya vumbi mashineni, kifaa cha kupumulia kinachofaa kemikali hiyo, au kupewa kazi nyingine.

Kinabana baada ya kukimbia

Kwa kawaida huja dakika chache baada ya kuacha, mechi ikiisha au mtoto akirudi darasani kutoka mapumziko. Jibu si kumkataza michezo. Apashe mwili taratibu kabla ya kuanza, avute hewa kwa pua, na kama daktari amekubali apulize salbutamol dakika 15 kabla. Anayebanwa kila akicheza huwa hajadhibitiwa pumu yake kwa jumla.

Kinabana baada ya kumeza dawa

Aspirini, ibuprofen na diclofenac, zinazouzwa duka la dawa kama pipi, huwabana vibaya baadhi ya wenye pumu, hasa wenye pua zinazoziba daima au nyama za puani. Kwao paracetamol kwa kawaida ni salama zaidi. Dawa za shinikizo la damu za jamii ya propranolol na atenolol zinaweza kubana njia za hewa, na hata matone ya macho ya timolol, wanayopewa wenye glakoma, hufanya hivyo. Watu hawahesabu matone kama dawa. Captopril na enalapril haziitwi vichochezi, ila huleta kikohozi kikavu kinachofanana na pumu. Usiache dawa ya presha mwenyewe. Rudi ukabadilishiwe.

Kinabana na mafua

Virusi vya mafua ndivyo huanzisha mashambulizi mengi, kwa watoto hasa. Kipupwe, Juni hadi Agosti, watu husema ni baridi. Ni nusu ya ukweli: hewa baridi na kavu hubana, lakini pia madirisha hufungwa na watu hupeana mafua. Soda ya baridi kwa wengi haina hatia. Mkishaona makamasi yameanza, fuateni mpango mliopewa na daktari, msisubiri miluzi. Antibayotiki haziui virusi. Chanjo ya mafua makali ikipatikana, inafaa.

Vyote vimeondolewa, bado kinabana

Angalia pampu kabla ya kutafuta kichochezi kingine. Pampu nyingi za bluu zina mipulizo 200. Ikiisha huendelea kutoa hewa tupu na mtu anadhani amevuta dawa. Kisha angalia namna ya kuvuta. Anayepuliza kwanza kisha akavuta, dawa imeishia ulimini. Spesa hutatua hilo, na asiyeweza kuinunua anaweza kuitengeneza: mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani kwa watoto. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Pasha waya uliopindwa kwa umbo la mdomo wa pampu, toboa kitako cha chupa, ingiza pampu tundu likiwa bado vuguvugu, ziba pembeni kwa gundi. Puliza mara kadhaa mara ya kwanza ili dawa isinate kwenye plastiki. Mtoto anapumulia upande wa mdomo wa chupa.

Kisha jiulize unatumia pampu ipi. Anayehitaji ya bluu zaidi ya siku mbili kwa wiki hajadhibitiwa, na anayemaliza tatu kwa mwaka yuko kwenye hatari zaidi ya shambulio kubwa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Vidonge na dawa ya maji ya salbutamol hutetemesha mikono, hupeleka moyo mbio, na hufanya kazi polepole kuliko ya kuvuta. Dawa ya kutuliza uvimbe haileweshi wala haizoeshi mwili. Wengi huiacha wakijisikia vizuri, wakasahau kwamba ndiyo iliyowafanya wajisikie hivyo. Sukutua mdomo kila baada ya kuivuta usipate utando mweupe.

Mwishowe, huenda si pumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pamoja na jasho la usiku na kukonda, kinataka kipimo cha kifua kikuu. Mtu mzima anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali apimwe moyo. Na mtoto aliyeanza ghafla kupiga miluzi upande mmoja wa kifua baada ya kula karanga au kuchezea punje za mahindi hana kichochezi cha kutafutiwa: punje imekwama kwenye njia ya hewa, na inatolewa hospitali kwa kifaa.